Mtamjua kwa Jicho

3 Februari

Mzee wangu, shikamoo.

Hunifahamu. Mimi ni mhifadhi wa picha na karatasi za zamani katika jumba la makumbusho. Anwani yako nimepewa na chama cha watu wa matangazo, ambako mpaka leo wanakuita Mzee wa Maneno. Waliniambia uko kwenye nyumba ya wazee, chumba namba sita, kwamba kifua kinakusumbua lakini kichwa bado kinakata kama wembe, na kwamba simu hupokei kwa makusudi. Ndiyo maana naandika.

Mwezi wa nne tunafungua maonyesho ya matangazo ya zamani: sabuni, betri, redio, dawa za minyoo. Kubwa kuliko yote litakuwa lile la kufuli la shaba, la miaka hamsini na mbili iliyopita. Uso wa mwanamume umejaa ukurasa, nyuma yake kuna mlango, na chini maneno: ADUI HAGONGI MLANGO. MTAMJUA KWA JICHO. Pembeni kuna mpaka mweusi, na juu kulia nambari ya kumbukumbu; nembo ya kiwanda cha kufuli ni ndogo sana, chini kabisa.

Kwa sababu ya nambari hiyo, bodi yetu inaamini kiwanda kililipia nafasi tu, na imeandika hivi kwenye kibandiko kitakachokaa chini ya picha: "Onyo rasmi la serikali, likimwonyesha mpelelezi aliyekuwa akitafutwa." Bodi itakipitisha tarehe 30 Machi. Mimi nina wasiwasi nacho. Je, ni kweli serikali ndiyo iliyoandika?

Wako,
Mhifadhi


11 Februari

Binti yangu, marahaba.

Serikali? Serikali ya wakati ule isingeweza kuandika sentensi fupi hata kama ungeifungia chumbani na kuinyima chai. Maneno yale ni yangu. Nambari ya kumbukumbu, 19/8/K, ni tarehe ya ndoa yangu, na K ni herufi ya kwanza ya jina nililomwita marehemu mke wangu tukiwa wawili tu. Jina lenyewe halikuhusu.

Wewe ni kijana, kwa hiyo nikueleze mwaka ule ulikuwaje. Redio ilikuwa ikiamka na wapelelezi na kulala na wapelelezi. Mtu akiuliza njia ya posta, watu wanamtazama viatu. Hofu hatukuitengeneza sisi. Tuliikuta barabarani kama maji ya mvua. Kazi yetu ilikuwa kuchimba mfereji ili maji yaelekee dukani kwa mteja wetu. Betri za tochi tuliziuza kwa kusema adui hupenda giza. Sabuni tuliiuza kwa kusema hujui mkono gani umeshika noti yako kabla yako. Redio ilikuwa rahisi kuliko zote: ukikosa onyo, shauri yako.

Kufuli lilikuwa gumu kuuza. Lilikuwa jipya, hakuna aliyelijua. Mtu haamini kitu kipya kwa sababu kinasema chenyewe kuwa ni kizuri. Nikafikiri: watu wanaamini nini asubuhi wakifungua gazeti? Wanaamini tangazo la serikali, lenye mpaka mweusi na nambari juu. Basi nikalivisha tangazo letu sare. Hapakuwa na neno moja la uongo pale, ukisoma kwa makini. Hakuna aliyesoma kwa makini. Watu walikata ukurasa ule wakaubandika mlangoni, halafu wakaenda kununua kufuli la kufungia mlango huo huo. Chama kilinipa tuzo. Vijana bado hufundishwa tangazo lile, nasikia.

Kwa hiyo iambie bodi yako isiipe serikali sifa yangu.

Uso ule mchoraji wetu aliutoa kichwani mwake. Alifariki zamani.

Wako,
Mzee wa Maneno


18 Februari

Mzee, shikamoo.

Asante kwa barua. Nilicheka mwenyewe ofisini mpaka mlinzi akachungulia.

Nina swali moja zaidi. Nimeupiga picha uso ule na kuukuza. Kuzunguka jicho la kulia kuna alama ya duara, kama iliyoachwa na kitu kilichobanwa hapo kila siku kwa miaka. Halafu nimezitazama kazi nyingine thelathini na saba za mchoraji yule yule, nikazilinganisha na picha ya zamani ya wafanyakazi wenu. Tarishi wenu ndiye anayeuza siagi. Mpishi wa kantini yenu ndiye nahodha wa meli. Mhasibu wenu, mwenye lile sikio lililokatika, anaonekana mara nne, na mara moja amevaa kilemba. Nadhani mchoraji huyu hakuweza kuchora asichokiona.

Sasa, mzee wangu, nani alikaa mbele yake siku ile?

Mhifadhi


2 Machi

Binti,

Umenibana. Ni kweli, mchoraji wetu alikuwa na mkono wa dhahabu lakini kichwani hamna kitu. Ukimwambia achore ng'ombe, anatoka kwenda kutafuta ng'ombe.

Siku ile alipeleka saa yake kwa fundi saa, mtaa wa nyuma ya kiwanda chetu cha uchapaji. Akaambiwa asubiri. Alikuwa na daftari, na mbele yake kulikuwa na mtu aliyekaa kimya, amebana lenzi jichoni, anatazama kitu kidogo kwa makini sana. Ukimwona mtu wa namna hiyo bila kujua anatazama nini, unaweza kudhani ana njama. Akamchora. Lenzi akaiondoa, duara akaliacha, kwa sababu alilichora kama alivyoliona.

Mimi niliuona uso huo gazetini kama watu wengine, mambo yakiwa yameshakwisha. Baada ya wiki mbili fundi saa hakuwa na mteja. Walimvunjia kioo cha duka. Walimchukua wakamhoji. Alipotoka akafunga duka, akahama. Nilisikia alifariki mwaka wa mafuriko.

Sasa nakuomba. Sema lilikuwa tangazo la biashara, hilo ni sawa. Kuhusu uso andika "uso wa kubuni". Marehemu hafaidiki chochote akitajwa, na mimi nina mtoto na wajukuu wanaokula kwa jina langu. Mwache apumzike.

Mzee wa Maneno


9 Machi

Mzee,

Hajafa. Aliyefariki mwaka wa mafuriko ni mdogo wake.

Ana miaka themanini na tisa. Asubuhi hii amenigombeza kwa sababu nimenunua saa ya betri. "Hiyo siyo saa," anasema, "hiyo ni tochi isiyowaka." Ni babu yangu, mzaa baba. Nimelelewa chini ya meza yake.

Sikukuambia mwanzoni kwa sababu nilitaka unijibu kama mtu anayejisifu, siyo kama mtu anayejitetea. Nisamehe kwa hilo. Nawe ulinificha, kwa hiyo tumetoka sare.

Ulisema walimhoji. Walimhoji siku kumi na tisa. Baba yangu alikuwa na miaka minane. Watoto wenzake walijichora duara jichoni kwa mkaa, wakawa wanamfuata nyuma mpaka nyumbani, kila siku, wamenyamaza kimya. Anasema afadhali wangemtukana. Tulirudi mtaa ule miaka sita iliyopita, na hadi leo kuna bibi mmoja wa rika la babu ambaye akimwona anavuka kwenda upande wa pili wa barabara. Babu huvua kofia kumsalimia hivyo hivyo.

Kinachomsumbua siyo hayo. Kuna swali moja anauliza akiwa peke yake na saa zake: "Nilimkosea nani?"

Nimeiambia bodi kwamba lile halikuwa onyo la serikali. Wamejibu kwamba barua ya mzee mgonjwa haitoshi, mtu yeyote anaweza kujidai aliandika maneno maarufu. Wanataka karatasi ya wakati ule. Isipopatikana kufikia tarehe 30, babu yangu atatundikwa ukutani tena, safari hii kwa muhuri wa makumbusho, na wanafunzi watapitishwa mbele yake.

Babu hajui kwamba nakuandikia.

Mjukuu wa Fundi Saa


26 Machi

Mjukuu,

Nimekawia kwa sababu nilikuwa hospitali siku tisa. Wamenitoa maji kwenye mapafu, ndoo nzima, anasema muuguzi, ambaye hupenda kutia chumvi. Daktari hakuniambia nimebakiza muda gani, lakini alikaa kitandani kwangu badala ya kusimama, na hilo nimelielewa. Mwandiko utausamehe.

Barua yangu iliyopita ina uongo. Nauondoa sasa.

Wiki mbili kabla ya tangazo, nilipita dukani kwa babu yako na kufuli letu mkononi. Najigamba. Akaligeuza, akaniuliza, "Hili ndilo litakalolinda nchi?" Akachomoa pini kwenye kalenda ya ukutani, na kabla sijakaa vizuri kwenye kiti, kufuli likawa wazi. Wateja wawili walikuwepo. Walicheka. "Ndani kuna springi moja tu, Bwana Maneno," akasema, "na yenyewe imechoka." Hakusema kwa ubaya. Alinirudishia kama anavyorudisha saa ya mteja, kwa mikono miwili.

Mchoraji alipoleta karatasi ya majaribio ya tangazo mezani kwangu, nilimtambua babu yako papo hapo. Mstari wa kwanza ulikuwepo tayari. Mstari wa pili niliuandika dakika ile, kwa wino wangu wa kijani, kwa sababu ya lile duara. Mtamjua kwa jicho. Mchoraji aliniuliza, "Lakini huyu si yule fundi?" Nikamwambia, kachore nembo ya kiwanda cha kufuli.

Nilikuwa najua ninachofanya. Mtaa mzima ulikuwa na mtu mmoja tu aliyeweza kusema kufuli letu ni bati tupu. Na mtu anayeshukiwa upelelezi akisema kufuli ni baya, watu hununua mawili. Hiyo ndiyo siri ya tangazo wanalofundishwa vijana. Imani ile hatukuijenga kwa kusifu kufuli. Tuliijenga kwa kumfanya aliyelijua asiaminike.

Kwa hiyo mwambie babu yako hakumkosea mtu yeyote. Alifungua kufuli tu, na mimi nikachekwa.

Karatasi ya majaribio iko ndani ya bahasha hii, ikiwa na ule mstari wa wino wa kijani, saini yangu na tarehe. Miaka hamsini na mbili ilikaa nyuma ya fremu ya tuzo yangu; niliificha mahali ambapo nisingeweza kuisahau. Fremu nimempa muuguzi aweke picha ya harusi yake.

Juzi nilimweleza mwanangu. Yeye ndiye anayeongoza kampuni yetu ya matangazo sasa, na lile tangazo amelitundika mapokezi, kufuli lenyewe likiwa chini yake ndani ya kioo.

"Baba, unaumwa," akasema.

"Naumwa mapafu, siyo kumbukumbu."

"Unataka watu waseme baba yangu alikuwa nani?"

"Waseme ndiye aliyeandika. Si ndivyo mlivyokuwa mkisema?"

Aliondoka bila kuaga. Miwani yake ameisahau hapa. Sijui kama atarudi kuifuata.

Muuguzi amekwenda mwenyewe kutafuta pikipiki ya kukuletea bahasha hii. Ifike kabla ya tarehe 30. Sijawahi kutaka kitu namna hii, hata tuzo.

Aliyeandika tangazo


6 Aprili

Bwana Maneno,

Salamu. Mjukuu wangu amenisomea barua zako zote, na ile ya mwisho mara mbili. Sasa naandika mwenyewe, mkono wangu haujatetemeka bado, ni mkono wa fundi.

Miaka hamsini na mbili nilikuwa nawaza nilimkosea nani. Nilimfikiria mteja niliyemcheleweshea saa ya ukutani. Nikamfikiria shemeji yangu. Shemeji yangu nilimnunia miaka kumi na moja kwa kumshuku, na sasa itabidi niende kumwomba radhi kaburini. Kumbe ni pini ya kalenda. Nilicheka mpaka mjukuu akaleta maji. Halafu sikucheka tena siku mbili.

Usiniulize kama nimekusamehe. Kazi ikiingia dukani kwangu siimalizi siku hiyo hiyo. Naiweka mezani, naifungua, naitazama. Wateja wangu wanajua kusubiri.

Bodi imekubali karatasi yako. Walipouona wino wa kijani, mwenyekiti alivua miwani akaifuta, akaivaa tena.

Nina ombi moja. Lile kufuli lililo kwenye kioo cha mwanao, nalihitaji siku ya ufunguzi. Pini ninayo.

Fundi Saa


22 Aprili

Babu,

Naona sasa naweza kukuita hivyo, kama hujali.

Jana tumefungua. Najua muuguzi ameshakusomea gazeti, lakini gazeti lilimtuma mtu aliyeondoka mapema. Nikusimulie mwenyewe.

Kwanza kibandiko. Kinasema: "Tangazo la biashara lililovaa sare ya serikali. Mtu huyu alikuwa fundi saa. Alijua kwamba kufuli hili ni bovu." Pembeni ni karatasi yako, na mshale kuelekea ule mstari wa kijani. Watu walijipanga kuusoma. Hawakutukana. Walikuwa wakisoma, wanaenda kwenye tangazo la sabuni, wanarudi tena kusoma, na safari hii wanalitazama la sabuni kwa jicho jingine.

Babu yangu aliketi kwenye meza yake ya kazi, tuliyoibeba kutoka nyumbani. Amevaa koti lake la harusi. Kufuli hatukuwa nalo. Mwanao hakujibu barua zangu tatu. Nilikuwa nimeazima kufuli lingine la duka lolote tu, na babu akalikataa. "Sina ugomvi na hili," alisema.

Saa tisa na robo mlango ukafunguliwa, akaingia mwanamume anayefinya macho kama asiyeona vizuri, amebeba kitu kilichofungwa kwenye gazeti. Nilimjua kwa ile miwani asiyokuwa nayo. Akakifungua, akaliweka kufuli mezani. "Nadhani hili ni lako, mzee," akamwambia babu.

"Langu ni pini," babu akajibu. "Keti."

Akachomoa pini kwenye kola. Nikaisikia pini ikigusa shaba. Lilichukua kama dakika moja. "Zamani lilikuwa rahisi zaidi," akasema, "lakini zamani nilikuwa na macho." Halafu likafunguka. Sijawahi kusikia watu wakishangilia sauti ndogo namna ile.

Akalibomoa lote. Akasema anayetaka kuona kilicholinda nchi aje atazame. Lenzi yake ina ukingo wa mpira mweusi wa zamani unaotoa rangi. Wa kwanza kuja, usishangae, alikuwa yule bibi anayevuka barabara. Aliibana lenzi jichoni, akaitazama springi kwa muda, akasema, "Ndiyo hii tu?" Alipoinua uso alikuwa na duara jeusi kuzunguka jicho. Mtu akacheka. Yeye akajitazama kwenye kioo cha fremu, pembeni ya uso wa babu, na wote wawili walikuwa sawasawa. Nilidhani atajifuta. Akageuka akamwita dada yake kwa sauti: "Njoo nawe utazame."

Baada ya hapo ikawa foleni. Mwenyekiti wa bodi. Mkuu wa polisi, na kofia yake mkononi. Walimu na wanafunzi wao. Mwanao alitazama muda mrefu kuliko wote. Springi ile ndiyo iliyomsomesha, alisema, ni vizuri waonane. Wa mwisho alikuwa baba yangu. Yeye hakutazama springi. Aliibana lenzi, akamtazama babu tu, na babu akamwacha atazame.

Tulipofunga, watu walitoka pamoja kwenda mtaani, kila mmoja na duara lake, na hakuna aliyejifuta. Walijaa barabara nzima. Babu alitembea katikati, na kila aliyekutana naye alivua kofia kabla yake.

Mjukuu wako,
Mhifadhi


29 Aprili

Mjukuu wangu,

Niite babu. Sijali hata kidogo.

Naandika mistari michache, pumzi haitoshi kwa mingi. Jana walikuja wote wawili, babu yako na mwanangu, kwenye gari moja. Mwanangu amechukua miwani yake. Amesema ameshusha lile tangazo pale mapokezi, ukuta umebaki na alama nyeupe, na kila mgeni anauliza palikuwa na nini. Anawasimulia.

Babu yako aliketi kitandani, kama daktari, lakini huyu nilimfurahia. Tulitazamana. Amezeeka vibaya, na yeye akaniambia vivyo hivyo kuhusu mimi. Nilikuwa nimetayarisha maneno. Miaka sitini ya kazi hii, na sikuweza kutoa hata moja. Akainua mkono wangu akaushika pale wanapopimia mapigo, akawa anasikiliza, kichwa amekiinamisha.

"Ile kazi yako," akasema, "nimeimaliza. Inatembea."

Nililia, na sioni aibu kukuandikia. Kisha akatoa lenzi mfukoni. Nikamwambia sina kitu cha kutazama. "Tazama chochote," akasema. Nikaibana jichoni, nikamtazama yeye, kwa karibu, vile mchoraji wetu alivyomtazama, na kwa mara ya kwanza nikamwona.

Muuguzi alikuja na kitambaa chenye maji vuguvugu anifute lile duara jeusi jichoni. Nimemkatalia. Daktari ameuliza, tabibu wa macho ameitwa, mkuu wa nyumba amekuja kuchungulia. Nimewaambia wote ni alama ya heshima, na haifutwi mpaka nitakapoondoka nayo.

Wanafunzi wakikuuliza ni nani aliyeandika tangazo lile, usiwafiche. Waelekeze chumba namba sita waje wanihoji wakati bado nipo.

Watanijua kwa jicho.

Babu yako wa pili